Kariakoo, Mei 2023: mgomo uliozaliwa na risiti isiyolingana na mzigo

Jumatatu ya Mei 15, 2023, fremu nyingi za Kariakoo, Dar es Salaam, hazikufunguliwa. Msimbazi, Mtaa wa Kongo, Aggrey, Narung'ombe na Sikukuu, wateja waliotoka mikoani na nje ya nchi walikuta makufuli. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alifika siku hiyohiyo kuwasihi wenye maduka wafungue, lakini kilio hakikuwa cha kuzimwa kwa maneno ya barabarani. Mei 17 akakaa nao kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja mbele ya mawaziri na maofisa wa kodi, akawasikiliza kwa saa nyingi. Mwisho wa mkutano kikosi kazi cha kodi kilisimamishwa, agizo la kusajili stoo, yaani maghala ya bidhaa, likasimamishwa, na kamati ya pamoja ya Serikali na wafanyabiashara ikaundwa. Maduka yakafunguliwa.

Miezi kumi na tatu baadaye, Juni 24, 2024, Kariakoo ikafunga tena, na safari hii mgomo ukaruka hadi Mwanza, Mbeya na miji mingine.

Kwa hiyo anayetaka kukielewa kisa hiki asiishie kuuliza nani alikuwa na haki pale Mnazi Mmoja. Aulize kwa nini maridhiano yale hayakushika. Majibu mawili huzunguka mjini. La kwanza ni kwamba wafanyabiashara wa Kariakoo ni wakwepaji, wamezoea kubembelezwa. La pili ni kwamba Mamlaka ya Mapato, TRA, ni wanyanyasaji, wanakusanya kwa vitisho. Yote mawili yana ushahidi wake, na hakuna hata moja linalotusaidia. Mimi nasema kodi ilikuwa ikidaiwa kwenye hatua ya mwisho ya safari ya mzigo, mlangoni mwa duka na kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kinachotoka na bidhaa, ilhali mnyororo wa karatasi ulikuwa umekatika zamani, kabla mzigo haujatoka bandarini. Na mara zote mbili Serikali ilitoa kilichokuwa rahisi kutoa.

Turudi kwenye malalamiko. Yaliyotajwa yalikuwa mengi: kamatakamata, faini za mamilioni, makadirio yasiyolingana na biashara, gharama za bandari, taasisi nyingi zinazobisha hodi kwenye fremu moja, wageni wanaouza rejareja. Lakini lililorudi kinywani mwa kila mtu lilikuwa la risiti. Mteja ananunua, anapakia, hajafika hata Mnazi Mmoja anasimamishwa, anaulizwa risiti, thamani ya mzigo inakadiriwa kwa macho, na risiti ikionekana ndogo kuliko mzigo, wanashikwa yeye na aliyemuuzia. Kwa sheria, maofisa hawakuwa wakibuni kitu. Muuzaji anatakiwa akate risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa thamani halisi, na mnunuzi anatakiwa aidai na aende nayo. Swali ni kwa nini watu wengi kiasi kile, wengine wenye biashara kubwa na mahasibu wao, walikuwa hawafanyi hivyo.

Jibu la haraka ni tamaa. Hesabu inaonyesha zaidi ya tamaa.

Tumchukue muuza mikoba wa kubuni pale Aggrey. Amesajiliwa kwenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hana uwezo wa kujaza kontena peke yake, kwa hiyo mzigo wake kutoka Guangzhou unakuja kichele: wakala anachanganya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja, kila mmoja analipia kwa sibiemu, yaani kwa mita za ujazo, na anaambiwa kodi imo humo humo. Mkoba mmoja, mpaka ufike stoo, umemgharimu shilingi 20,000. Anauuza jumla kwa 23,600. Tarakimu ni zangu, nimezichagua ziwe rahisi kufuatwa.

Akikata risiti kamili, ndani ya 23,600 kuna VAT ya 3,600. Sheria inamruhusu kuondoa humo VAT iliyolipwa mzigo ulipoingia nchini, ila kwa sharti la kuwa na hati ya forodha yenye jina lake na namba yake ya mlipakodi. Hana. Hati ya kontena zima ina jina la wakala, au la mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Kwa hiyo analipa 3,600 zote, anabaki na 20,000. Ndiyo gharama ya mkoba. Pango la fremu, mshahara wa kijana wa dukani, kilemba alicholipa kuingia pale, vyote havina pa kutoka. Raia mwema amefanya kazi bure.

Sasa tuseme anakata risiti ya 10,000 kwa mkoba uleule. VAT iliyomo ni kama 1,525. Anabaki na faida ya 2,075. Hiyo ndiyo risiti pungufu inayozungumzwa.

Njia ya tatu ni kuagiza kwa jina lake, alipe ushuru kwa thamani ya kweli, awe na karatasi zote. Mkoba utamfikia ghali zaidi, tuseme 21,500, na humo kuna VAT ya forodha 2,700 anayoweza kuidai. Akiuza 23,600 kwa risiti kamili, TRA inamdai 900 tu. Faida yake ni 1,200. Si haba, na analala usingizi. Shida ni jirani. Jirani wa kichele na risiti pungufu anaweza kushusha bei hadi 22,800 na bado akapata karibu 1,275, wakati mwenye karatasi akishuka naye anabaki na kama 520. Kariakoo mteja hutembea fremu tano kabla ya kununua, na winga, dalali anayewaongoza wateja madukani, atampeleka panapopungua mia nane. Mwenye karatasi atakaa na mikoba yake mpaka kodi ya pango imkute.

Hapo ndipo hoja ya ukwepaji na hoja ya unyanyasaji zinakutana. Ni kweli watu walikuwa wakikata risiti za uongo. Ni kweli pia kwamba yeyote aliyeamua kuacha peke yake angefilisika kabla ya wenzake. Kikosi kazi hakikuwa na dawa ya hilo, kwa sababu kilisimama mtaani, mahali ambapo uongo tayari umeshakuwa sehemu ya bei.

Kuna upande wa mnunuzi, ambao naona ulipuuzwa zaidi. Mama anayetoka Songea kununua mikoba ya duka lake hataki risiti kubwa, hata kama muuzaji yuko tayari kuikata. Kwa utaratibu wa makadirio, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka hulipa asilimia 3.5 ya mauzo. Akivuka milioni 100 anatoka kwenye makadirio, anahitaji hesabu zilizoandaliwa na mtaalamu, na mwaka ule wa 2023 milioni 100 hizohizo ndizo zilikuwa mpaka wa kusajiliwa VAT. Risiti za Kariakoo zikiwa na thamani ya kweli zitamsema huko kwao: aliyenunua kwa milioni 95 hawezi kudai kauza kwa milioni 60. Kwa hiyo mama wa Songea na muuzaji wa Aggrey, bila kukaa kikao, wanataka kitu kimoja. Mfumo wa VAT duniani kote hutegemea mnunuzi amdai muuzaji risiti kwa faida yake mwenyewe. Kariakoo mnunuzi ananufaika risiti ikiwa ndogo. Ukiweka maofisa mia mtaani, bado wanapambana na watu wawili waliokubaliana.

Agizo la kusajili stoo lilitokana na wazo lisilo baya: ukijua mzigo ulioko stoo, utajua ulioondoka. Ila mwenye mzigo wa kichele hana karatasi ya kuuelezea mzigo ule. Kumwambia asajili stoo ni kumwambia ajishtaki. Sishangai kwamba hilo liliwachemsha watu damu.

Sasa bei. Kwenye mabishano ya wiki ile kulikuwa na usemi kwamba kodi ndiyo inayopandisha maisha. Usemi huo unahitaji kukatwa vipande viwili. VAT ya asilimia 18 ipo tangu 2009, ilipoteremshwa kutoka 20. Kodi isiyobadilika inakaa ndani ya bei, lakini haiwezi kuipandisha bei kila mwezi. Mfumuko wa bei ni mwendo, si kimo. Kinachoweza kupandisha bei ni ukali mpya wa ukusanyaji, na huo unapandisha mara moja, kisha unatulia.

Kwa kiasi gani? Turudi kwenye mkoba. Muuzaji wa kichele akilazimishwa kukata risiti kamili bila hati ya forodha, na akitaka faida yake ya 2,075 ibaki, lazima auze kama 26,050. Ni ongezeko la takriban asilimia 10. Akiwa na hati zote, faida hiyohiyo anaipata akiuza kama 24,630, ongezeko la asilimia 4 na kidogo. Tofauti ya hizo bei mbili ni kodi juu ya kodi: iliyolipwa bandarini kwa jina la mtu mwingine, ikalipwa tena dukani. Mlaji wa Mbagala ndiye anayeimeza. Wanaodai kwamba ukusanyaji mkali hauna athari kwenye bei wanakosea, na wanaodai kwamba kila ukusanyaji una athari ileile wanakosea pia. Mahali unapoidai kodi ndipo panapoamua bei itaruka kiasi gani.

Lakini kilichokuwa kikiwauma watu Dar es Salaam mwanzoni mwa 2023 hakikuwa mikoba. Mfumuko wa bei wa jumla Januari ile ulikuwa asilimia 4.9, ukashuka hadi 4.0 mwezi wa mgomo, ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5. Chakula peke yake kilikaribia asilimia 10. Kwenye kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu chakula na vinywaji visivyo vilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Kwa familia ya Manzese au Gongo la Mboto, chakula ni zaidi ya hapo kwa mbali, kwa hiyo mfumuko wake yenyewe haukuwa 4. Takwimu haikudanganya. Ilikuwa inamzungumzia Mtanzania wa wastani, ambaye ni nadra kukutana naye kwenye daladala.

Na bidhaa za Kariakoo zilikuwa na adui mwingine, dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,330, mwisho wa mwaka karibu 2,500, na kuipata benki kwa bei hiyo ilikuwa kazi. Mwenye mkoba wa 20,000, ambao sehemu kubwa ya gharama yake ni dola, kufikia mwisho wa mwaka alikuwa ameongezewa zaidi ya shilingi elfu moja bila ofisa yeyote wa kodi kumgusa. Ukitaka kujua kwa nini uvumilivu ulikwisha Mei na si mwaka mmoja kabla, naamini sehemu ya jibu iko hapo. Faida ilikuwa imeanza kuliwa na dola, kamatakamata ikaja kugombania mfupa.

Je, matumizi ya Serikali ndiyo yaliyoleta hali hiyo? Wapo waliosema hivyo kwa uhakika mkubwa: treni ya SGR, Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ndege mpya, vyote vinanunua vifaa kwa dola, kwa hiyo Serikali inagombania dola na muuza mikoba. Kuna ukweli ndani yake, ila miradi hiyo kwa sehemu iliendeshwa kwa mikopo ya nje, na mkopo wa nje huingia na dola zake. Maumivu huja baadaye, wakati wa kurejesha. Uzito mkubwa zaidi wa msimu ule ulitoka kwenye bei ya mafuta na mbolea baada ya vita vya Ukraine, na riba zilizopandishwa Marekani zilizozivuta dola kurudi kwao. Agosti 2022 petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita hata baada ya ruzuku ya Serikali.

Hiyo ruzuku yenyewe inaharibu hoja kwamba kila shilingi Serikali inayotumia inapandisha bei. Bilioni 100 kwa mwezi kwenye mafuta kuanzia katikati ya 2022, na bilioni 150 za ruzuku ya mbolea kwenye bajeti ya 2022/23, zilikuwa matumizi ya kupunguza makali ya bei. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. Sitasema ni mbolea peke yake, mvua nazo zilichangia, lakini fedha hizo hazikuchochea moto.

Kinachofanya matumizi yawe sehemu ya kisa hiki ni hasira zaidi ya bei. Mwishoni mwa Machi 2023, wiki saba tu kabla ya mgomo, Rais Samia Suluhu Hassan alipokea ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na yeye mwenyewe akaeleza hadharani jinsi ankara ya ndege ilivyoletwa ya dola milioni 86 badala ya milioni 37. Ripoti ilipofika bungeni Aprili, watu wakasoma pia hasara ya shilingi bilioni 35 ya shirika la ndege. Wiki chache baadaye mwenye fremu anasimamishwa kwa mkoba wa elfu ishirini. Unaweza kumwambia, na ni kweli, kwamba upotevu wa serikalini haumpi ruhusa ya kukata risiti ya uongo. Jaribu kumwambia hivyo uso kwa uso, Msimbazi, mbele ya wenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mkubwa wa Serikali aliyekuwa Dodoma aliuona mzigo huo mwepesi sana. Pembeni yao soko kuu la Kariakoo, lililoungua Julai 10, 2021, lilikuwa likijengwa upya kwa shilingi bilioni 28 na kidogo. Huo ulikuwa mfano mzuri wa kodi inayorudi nyumbani, na sikumbuki ofisa yeyote akiutumia kwa ustadi kwenye mabishano yale.

Baada ya mkutano wa Mnazi Mmoja mambo yalikwenda haraka. Bajeti ya trilioni 44.39 iliyosomwa Juni 15, 2023 ilipandisha mpaka wa kusajiliwa VAT kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200. Ulikuwa unafuu wa kweli kwa wafanyabiashara wadogo, naupongeza. Lakini bajeti hiyohiyo iliweka shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya petroli na dizeli na shilingi 1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Mantiki naielewa: kodi ya mafuta hukusanywa kwa waagizaji wachache, haihitaji kikosi kazi wala risiti, haina mgomo. Serikali iliyoshindwa kukusanya mtaani ilihamia pampuni. Agosti petroli Dar es Salaam ikaruka hadi 3,199 kutoka 2,736 ya Julai, kwa sababu kadhaa zilizokutana, tozo hiyo ikiwa mojawapo. Mama wa Songea aliyeponea kwenye risiti akalipia kwenye nauli ya mzigo.

Na kontena la kichele? Liliendelea kuingia kwa jina la wakala. Bajeti ikapanda hadi trilioni 49.35 kwa 2024/25, lengo la makusanyo likapanda nayo, ukaguzi mtaani ukarudi, na Juni 24, 2024 makufuli yakarudi nayo. Serikali ikasimamisha tena ukaguzi wa risiti. Julai 2 Yusuph Mwenda akateuliwa kuongoza TRA badala ya Alphayo Kidata, na Oktoba ikaanza kazi tume ya Rais ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Makusanyo, tukiwa wakweli, hayakuanguka kwa sababu ya kulegeza mtaani: mwaka wa 2024/25 TRA ilifikisha trilioni 32 na ushei, kutoka trilioni 27 na ushei mwaka uliotangulia.

Bajeti ya 2025/26 ilileta wazo lililonivutia kuliko yote yaliyotokana na sakata hili: VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mlaji asiyesajiliwa anayelipa kwa benki au mtandao. Kwa mara ya kwanza mnunuzi anapewa sababu ya kutaka malipo yake yaonekane. Kwa mtu wa Sinza anayenunua jokofu, punguzo hilo linaweza kufanya kazi. Kwa mama wa Songea naona halitoshi. Pointi mbili za VAT hazimfidii hofu ya kuvuka makadirio, kwa hiyo ataendelea kulipa taslimu na kuomba risiti ndogo.

Ningekuwa kwenye kamati yoyote ya hizi, ningedai jambo moja kabla ya mengine: kontena la kichele litolewe bandarini likiwa na orodha ya wenye mizigo, kila mmoja kwa namba yake ya mlipakodi, kila mmoja na kipande chake cha ushuru na VAT iliyolipwa. Mawakala watapinga, kwa sababu bei yao ya sibiemu inategemea giza hilo, na baadhi ya wafanyabiashara waliopiga kelele Mnazi Mmoja watapinga pamoja nao. Gharama ya mkoba itapanda, pengine kwa ile elfu moja na mia tano ya mfano wangu. Ila itapanda kwa fremu zote kwa siku moja, na jirani wa mia nane pungufu hatakuwa na pa kuitoa hiyo mia nane.